Bi Moza Hataki Kubebwa

Mama yetu, Bi Moza, hataki kubebwa. Mimi Zaina hasira zangu zinajulikana Nkowe nzima, lakini za mama naziogopa. Jaribu kumshika kwapani umwambie, "Njoo nikubebe." Atakuchapa fimbo bila kuuliza wewe mtoto wa nani.

Ana sababu yake. Alizaliwa pwani ya Msumbiji, mlango wa kwao ukitazama bahari. Vita vilipofika kijijini alikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele. Mama yake akamfunga mgongoni, ukubwa wote ule, akakimbia naye mpaka wakavuka mto Ruvuma na kuja kutua Nachingwea. Mama anasema kukimbia hakukumuuma. Kilichomuuma ni kwamba alilia ashushwe, aende kwa miguu yake akaiage bahari, na hakuna aliyemsikiliza.

Basi akakua, akaolewa Nkowe na marehemu baba yetu, Mmwera wa watu, mpole kama maji ya mtungi. Akalima korosho, akatuzaa, akamzika mume. Utasema bahari ya Lindi si mbali. Kweli si mbali, ila mwenye mikorosho hana msimu wa kutembea. Ukimaliza kupalilia unapuliza dawa, ukimaliza kupuliza unaokota, na ufuta nao unakungoja. Kila mwaka mama alikuwa anasema, "Siku moja nitaingia baharini kwa miguu yangu mwenyewe." Sisi tunacheka, tunaendelea kuokota.

Mwaka juzi akateleza kisimani, nyonga ikavunjika, na ilipounga ikaunga vibaya. Sasa anakwenda na fimbo kutoka kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, basi. Kiti cha gari hakiwezi, akikunja nyonga machozi yanamtoka. Majirani wakamwambia bahari ataiona kwenye simu. Mjukuu wake akamwonyesha kweli, mawimbi na kila kitu. Mama akaitazama ile simu, akairudisha.

"Hii hailoweshi mguu," akasema.

Kaka yangu Jumanne ni dereva wa trekta kule Nachingwea, na kwa ukaidi ni mama mtupu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Aliposikia neno lile alinyanyuka. Akaenda kwa tajiri wake, Evarist, akaomba tela bovu la kusombea korosho lililokuwa limetupwa nyuma ya ghala. Akalichomelea, akalisimamishia fremu ya miti, akaliezeka bati, kuta akazungushia turubai. Ndani akafunga kitanda cha mama kwa kamba kisicheze, na nyuma akaweka mlango wenye ngazi fupi na bomba la kushikilia. Watu wakawa wanapita kucheka.

"Jumanne, umekuwa kobe? Unatembea na nyumba?"

"Kwani kobe hafiki?" anawajibu, nyundo mkononi.

Mimi nilipinga, tena kwa sauti. Nilimuuliza, "Mama akitufia njiani, utamrudisha na trekta?" Akaniambia, "Dada, wewe kapike maandazi ya safari." Nilitamani kumpiga na mwiko, halafu nikaenda kupika maandazi.

Mama alitoa sharti moja tu: tufike mwezi ukiwa mpevu. Tukadhani anataka mwanga wa kukaa nje. Ufuta ulishavunwa, shule zimefungwa, tukangoja mwezi.

Tulitoka Nkowe asubuhi. Jumanne kwenye usukani, ndani mama kitandani, mimi, wifi yangu Samia, wanawe wawili, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na masufuria. Ruangwa mjini watu walitoka madukani kututazama, na vijana wa bodaboda wakatusindikiza wakipiga honi kama tumebeba bibi harusi. Baada ya Nanganga gurudumu likapata pancha, tukakaa juani mpaka nikasema maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Usiku tukalala Mtama.

Kwenye kila tuta la barabara mama alikuwa anauma upindo wa kanga. Hakutoa sauti, ila jasho lilimtoka. Roho ikaniuma, nikamwinamia.

"Mama, turudi?"

"Nirudi wapi? Mimi nimelala kitandani kwangu. Anayesafiri ni wewe."

Ufukweni, nje kidogo ya mji wa Lindi, tulifika kabla ya adhuhuri. Watoto walipiga kelele, mimi nilishangaa. Bahari yenyewe ilikuwa mbali kule, mstari mwembamba tu, na huku mbele mchanga mtupu, mgumu, tambarare, umelala vizuri kuliko uwanja uliofagiliwa kwa ngoma ya mwali. Juu, pembeni ya njia, kulikuwa na mchanga laini ambamo trekta lingezama. Sasa sisi watu wa mikorosho, msimu ukifika familia nzima inahamia shambani, na kila mtu anajua namna ya kuchagua pa kulala. Unatafuta pasafi, sawasawa, pasipo nyasi za kuficha nyoka, na mti wa kukuangushia tawi usiwepo juu yako. Jumanne akatazama ule mchanga, akafurahi.

"Pameshafagiliwa hapa," akasema, akateremsha trekta.

Mama alikuwa ameinuka kwa kiwiko, anachungulia. "Mbele kidogo," akawa anamwelekeza. "Mbele. Haya, geuza mlango utazame bahari. Basi, hapo." Akatazama nyuma, kule juu tulikopita kwenye mstari wa majani makavu na vifuu, akatazama na magurudumu yetu. Akajilaza.

Jumanne akaja mlangoni. "Mama, nikupeleke majini? Nakubeba mara moja tu, ni pale."

"Sibebwi mimi! Nilikuja huku nimebebwa, inatosha. Wewe kafungue tela, nenda mjini katafute maji ya kunywa, na usirudi bila muhogo."

Akaenda na trekta lake. Nyuma yake akapita mama mmoja mwenye kikapu cha chaza, akasimama kutushangaa. "Jamani, ninyi mnakaa hapo?" akauliza. Kabla sijafungua kinywa mama akamwita, akamnong'oneza sikioni. Yule mwanamke akaziba mdomo kwa kanga, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akapanda zake juu na kukaa mchangani kututazama. Nikamuuliza mama amemwambia nini.

"Tumesalimiana," akasema.

Tukachinja kuku, nikainjika wali. Ilikuwa alasiri, wali unakaribia kuiva, nilipoona maji yamefika kwenye jiko. Nikasogeza jiko. Maji yakasogea. Nikasogeza tena, nikageuka kumwita Samia, nikaona bahari iko huku na iko huku, na tela letu limesimama katikati.

"Yarabi! Samia, watoto! Bahari inakuja!"

Samia akapanda ndani na sufuria la wali kichwani. Watoto nao waliparamia bati na kushangilia, wajinga wale. Mimi nilikuwa naruka ndani ya maji, nalia, namwita Jumanne ambaye hayupo, namlaani Evarist na tela lake, naulaani na muhogo. "Mama, tutakufa! Mama, nyanyuka nikubebe tukimbie!"

Nikageuka kumshika. Mama alikuwa ameshakaa mlangoni, nywele amezifunga kanga safi ambayo sikujua kama aliibeba. Hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa anayatazama maji yakipanda ngazi ya chini.

"Zaina, acha kelele. Hayapiti magotini hapa. Nimeyapimia kwa ule mstari wa majani makavu."

"Ulijua?"

"Nimezaliwa wapi mimi?"

Hapo ndipo akili ikanijia: mwezi mpevu unaojaza bahari, mbele kidogo, muhogo, yule mwanamke aliyekuwa kule juu akijipigia makofi. Mama alijua kwamba kwa nyonga ile hawezi kutembea mpaka kwenye bahari iliyokupwa. Akaamua bahari imfuate yeye. Nilitaka kumgombeza, yeye keshajisogeza ukingoni.

Akashika bomba. Nikanyoosha mkono, akainua fimbo. "Usiniguse!" Nikarudi nyuma. Akashusha mguu mzima, akashusha ule mbovu, uso umekunjamana kwa maumivu, ngazi ya kwanza, ya pili, akawa chini. Maji yalimfika kwenye muundi. Akaachia bomba. Akasimama na fimbo yake, peke yake, kanga imeloa, anaitazama bahari.

Akasema nayo kwa lugha ya kwao, taratibu, maneno mengi. Sikuyaelewa yote, lakini kwa heri naijua kwa lugha yoyote. Nililia kwa sauti, sikuona haya.

Jumanne akarudi na kulikuta tela lake limezungukwa na maji. Aliliacha trekta juu, akaja mbio anarusha maji, kiroba cha muhogo begani, anapiga kelele kuliko mimi. Alipomwona mama amesimama mle majini akakiachia kiroba kikatumbukia. Nadhani alielewa upesi kuliko mimi.

"Mama," akasema polepole, "umechoka?"

Miguu ya mama ilikuwa inatetemeka, hata fimbo ilikuwa inacheza. Nikajua sasa kaka yangu anachapwa mbele za watu. Mama akaitazama bahari mara moja tena, kisha akamgeukia mwanawe na kumnyooshea mikono yote miwili, fimbo ikaanguka majini.

"Nimeshaaga," akasema. "Sasa nibebe."