Aliyewaosha Wafu wa Mtaa

Redio ilituambia tukae nyumbani. Yule msemaji alikuwa na sauti nzuri ya mtu aliyeshiba, akayasema maneno yake kwa Kireno, kisha akayarudia kwa Kiswahili cha kusoma kwenye karatasi: kaeni nyumbani, naweni mikono kwa sabuni, msikaribiane. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nachagua mchele. Uani kwetu hapo Palma, kaskazini mwa Msumbiji, walikuwa wamelala jamaa na wasio jamaa, waliokimbia vita kutoka Mocímboa na Mucojo, wengine chini ya bati, wengine chini ya turubai, na mzee mmoja ndani ya mtumbwi mbovu tuliokuwa tukifugia kuku. Nikamuuliza mama, "Huyu anasema na nani?"

Mama akacheka. "Anasema na wenye nyumba," akasema.

Miaka imepita na hasira yangu haijapoa, na sioni kwa nini niipoze. Wale watu walikuwa na nyumba. Hawakuziacha kwa kupenda matembezi. Walitembea porini na watoto mgongoni wakala mizizi, halafu wakafika kwetu wakaambiwa tatizo lao ni kukaribiana. Sabuni kipande kimoja tulikikata kwa uzi tukagawana nyumba nzima, na maji ya kunawia tuliyapanga foleni tangu alfajiri, tumebanana bega kwa bega, kwa sababu pampu ilikuwa moja.

Kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Pundanhar mambo yalikuwa ya kuchekesha, kama ungekuwa na moyo wa kucheka. Kabla ya korona ukipita pale umejifunika uso, hata kwa vumbi tu, askari walikushusha, maana watu wa porini, wale waasi, ndio waliokuwa wakifunika nyuso. Ilipotangazwa emerjensia, hali ya dharura, askari walewale wakaanza kuwachapa wasiojifunika. Nilimwona muuza mihogo mmoja amesimama mbele yao, maskara, barakoa yake, ameishika mkononi, anauliza kwa adabu kabisa, "Bwana, leo ni kufunika au kufunua?" Alipigwa kofi kwa lile swali. Mihogo yake ikabaki chini, na sisi tulioshuka kwenye gari tukaikanyaga tukipita, hakuna aliyeinama kumwokotea. Hofu ilikuwa imeshatufundisha tabia mbaya, na korona ilikuwa ndiyo kwanza inaingia.

Lakini ninachotaka kukisimulia ni habari ya mama yangu.

Mama alikuwa mwosha maiti. Mwanamke yeyote akifa mtaani petu, walikuja kumwita yeye na wenzake wawili, wakaenda watatu, mmoja wa kuosha, mmoja wa kumimina maji, mmoja wa kugeuza. Hakuna aliyewalipa, na wao hawakuwa na haja ya kulipwa. Kuna nyumba mtaani ambamo mama aliwaosha bibi, mama na binti, wote kwa mkono wake. Alikuwa na tabia moja ambayo wenzake walimtania nayo kila siku: maji ya maiti aliyapasha moto kidogo. Mwenzake mkubwa, mwanamke mnene mwenye presha na maneno mengi, alimwambia, "Wewe unamtayarishia marehemu chai?" Mama akamjibu, "Hata wewe nitakupashia. Sitaki unishtukie." Wakacheka, na sufuria ikabaki motoni.

Mimi nilikua nikibeba ile sufuria. Nilijua utaratibu wote kabla sijaujua utaratibu wa kupika wali, ila ndani ya pazia sikuwahi kuingia. Mama alisema nitaingia zamu yangu ikifika. Na kulikuwa na sharti ambalo kwetu linashikwa sana: mwanamke aliye mwezini hakaribii maiti. Siku hizo hata sufuria aliibeba mwingine.

Katika wale waliokuja kutoka Mucojo kulikuwa na bibi mmoja na bintiye. Bibi alifika amechoka, akalala, hakuamka vizuri tena. Alipokufa mama aliwatumia habari wenzake, na wenzake hawakuja. Yule mwenye presha alisema, "Huyo ametoka mbali, hatujui amekuja na nini." Korona ilikuwa kwenye kila mdomo wakati ule, na mgeni alikuwa ndiyo korona yenyewe. Mama hakubishana. Alipasha maji yake, akamwosha yule bibi uani kwetu, binti akimimina, mimi nikiwa nimeshika kapulana, kanga yetu ya huku, kuwa pazia. Alimwosha polepole kama angemwosha mke wa tajiri. Alipomaliza akasema, "Mwosha huoshwa," akaenda kunawa.

Methali hiyo kila mtu kwetu anaijua. Mama aliisema kama mtu anavyosema kesho kutakucha.

Kipupwe kilipoingia, pumu yake ikaanza. Ilikuwa ikianza kila mwaka. Mtaa mzima ulikuwa ukiijua ile pumu; walikuwa wakimletea mafuta ya mkalitusi na kumfundisha dawa za kila aina, mpaka akawa anawakimbia. Mwaka ule kikohozi kilekile, cha kifua kilekile, kikageuka kuwa taarifa ya habari. Jirani wa kulia alifunga dirisha linalotazama kwetu. Pampuni walituambia tuteke mwisho. Muuza samaki, ambaye mama yake mzazi aliogeshwa na mama yangu maji ya mwisho, alianza kutuwekea samaki chini na kurudi nyuma, eti tuokote akishaondoka. Nilimwambia, "Kaka, mimi si paka." Akasema ni amri ya serikali. Serikali ambayo hakuwahi kuitii hata siku moja kwenye jambo la nyavu!

Nilimpeleka mama hospitali. Muuguzi alimsikiliza kifua, akasema ni pumu. Alisema wazi, mbele ya watu. Dawa ya kuvuta haikuwapo. Ilikuwa imekwama, barabara imefungwa kwa vita. Tukarudi nyumbani na maneno ya muuguzi tu, na maneno hayo nilipoyatangaza mtaani hakuna aliyeyataka. Walisema, alimwosha mgeni, ameuchukua ugonjwa kwa mikono yake. Kwa hiyo lile jema lake la mwisho ndilo walilolifanya kosa lake.

Mama alisikia. Alikuwa akiongea kwa kukatakata, pumzi inampiga chenga, na alichoniuliza hakikuwa habari ya dawa. Aliniuliza, "Watakuja?"

Nilijua anauliza nini. Nikasema, "Watakuja, mama. Wewe umewaosha wote."

Alikufa asubuhi, chai ikiwa haijachemka.

Kwetu msiba hauna mwaliko. Kilio kikisikika, wanawake wanaingia, hawabishi hodi. Huyu anachimba ufuo, ule mfereji mdogo wa kupokea maji chini ya kitanda cha kuoshea, huyu anateka maji, huyu anachukua watoto. Nililia kwa nguvu zangu zote. Nasema ukweli, nililia mara ya kwanza kwa uchungu na mara ya pili ili wasikie. Walisikia. Niliona kapulana zikipita nyuma ya uzio wa makuti, zinasimama, zinaondoka. Muuguzi alikuja, akatupatia glavu, akasema tumwoshe, ila wachache, na mazishini pia wachache. Hakutukataza. Nataka hili lijulikane, kwa sababu baadaye mtaa mzima ulisema serikali ilikataza.

Jua lilipanda. Nilikuwa nimekaa karibu na kichwa cha mama, namfukuzia nzi, nikasikia naitwa uzioni kwa sauti ya chini. Alikuwa yule mwenzake mwenye presha. Nikainuka na moyo wangu ukainuka.

"Mwanangu, pole," alisema kutoka nje. "Nimekuletea pamba na kafuri."

"Karibu ndani, mama. Tunakusubiri wewe."

"Presha imenishika, mwanangu. Siwezi kuingia. Nimekutundikia hapa."

Alikuwa amefunga kitambaa, akakitundika juu ya uzio kama mtu anayeanika nguo, na nikasikia ndala zake zikienda. Zilikwenda haraka kwa mtu aliyeshikwa na presha. Miaka waliyooshea pamoja wale wawili ni mingi kuliko umri wangu.

Sasa nieleze shida yangu. Asubuhi ile mimi nilikuwa mwezini. Binti pekee wa mama, ninayejua kila kitu, na desturi imenifungia nje. Nilisimama uani nikatamani kuuchoma ule uzio moto, na mtaa wake.

Yule binti wa bibi wa Mucojo alikuja akasimama mbele yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akasema, "Dada, mimi nitamwosha. Sijui kitu. Wewe nambie."

Tulichimba ufuo wenyewe. Nikapasha maji. Nikasimama nje ya pazia, nimekipa kitanda mgongo, nikawa namtajia: bonyeza tumbo taratibu, msafishe, mtawadhishe, kichwa, halafu upande wa kulia, kulia kwanza. Alifuata kila neno. Nilisikia maji yakishuka kwenye ufuo. Tulipofika kwenye kumgeuza, akasema, "Dada, njoo. Mimi sina mkono wa tatu."

Nikasema, "Siwezi. Unajua siwezi."

Akasema, "Basi ataanguka."

Niliingia. Sikuomba ruhusa wala sikusema bismillahi kwa sauti. Nilivuta pazia nikaingia na hasira zangu. Nilimshika mama bega na kiuno, nikamgeuza. Alikuwa mwepesi mno. Nilimmiminia maji, nikamsuka nywele, nikamkausha, na muda wote huo nililaani. Sikumlaani Mungu. Niliwalaani waliokuwa wakimsalimu kila asubuhi. Kafuri tulitumia ya mama mwenyewe, iliyokuwa kwenye kisanduku chake. Pamba niliitoa kwenye mto wangu, nikaichambua. Ile iliyotundikwa uzioni sikuigusa siku hiyo. Nilikuja kuichukua baadaye, nikaisukumia chini ya kitanda.

Baada ya mazishi nilimuuliza mwalimu wa chuo cha Kurani kama nimekosea. Alisimama mbali, maskara imemfika machoni, akasema dini haikunizuia, ile ni desturi tu. Sikumshukuru. Asubuhi ile alikuwa wapi, na mkewe alikuwa wapi?

Hakuna mtu uani kwetu aliyeugua. Si mimi, si yule dada wa Mucojo, si mzee wa kwenye mtumbwi. Mtaa ulipoona hivyo, wakaanza kuja mmojammoja na sukari, na mchele kwenye kapulana. "Tuliogopa, mwanangu," walisema. Hofu naielewa. Hawa waliolala uani kwetu waliijua hofu kuliko mtaa wote, na mmoja wao aliingia. Nilipokea sukari nikawapikia chai, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na kila kikombe nilichowapa kiliniuma.

Yule mwenye presha hakuja. Alinipungia mkono sokoni kwa mbali, nikajifanya naangalia nyanya.

Ilipofika kaskazi alikufa yeye, kwa presha kweli. Binti yake alikuja kwetu, akasimama nje ya uzio, mahali palepale. Mwosha wa tatu alikuwa ameshavuka Ruvuma, yuko Mtwara kwa wanawe. Waliobaki mtaani wa kuosha tulikuwa sisi wawili, mimi na yule dada wa Mucojo, na mtaa ulikuwa umelijua hilo bila kuambiwa.

"Dada," alisema, "mama hana wa kumwosha."

Nilimwacha asimame. Nilitaka ajue uzio wa makuti unavyoonekana ukiwa na maiti ndani na watu nje, ingawa yeye alikuwa msichana tu na hakufanya kitu. Nilimwacha mpaka akaanza kulia, na kulia kwake hakukunipa ile raha niliyoitegemea.

Nikageuka ndani. Yule dada wa Mucojo alikuwa ameshatia maji kwenye sufuria ya mama, anapuliza moto.

"Nani amekutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema, akaendelea kupuliza.

Niliinama chini ya kitanda nikatoa kile kitambaa. Kilikuwa na vumbi, fundo bado ni lilelile alilolifunga mwenyewe. Nikakikung'uta, nikakiweka kwapani, nikashika sikio moja la sufuria na mwenzangu akashika la pili, tukatoka. Msichana alitufuata nyuma.

Nilimwosha vizuri, kulia kwanza, kwa maji ya vuguvugu, na pamba yake mwenyewe. Kumsamehe, bado.