Watoto wa Mkonge Siku ya Mkaguzi

Mjukuu wangu kaloweka kamba ya mkonge kwenye ndoo, na ule uchachu ukanipanda puani. Ndivyo tulivyonuka sisi watoto wa manamba, wakata mkonge waliotoka mbali kuja Kihonda.

Mwalimu mkuu alisifiwa mji mzima kwa kutupokea shuleni kwake. Majina ya wenzangu wote ninayo, na lake ninalo, ila silitamki; kinywa hiki ndicho ninachokulia. Alitupokea, naam, tukawa tunapalilia mahindi yake huku watoto wa mjini wakisoma.

Siku ya mkaguzi akatuketisha madawati ya mbele. Mkaguzi akanipa kitabu. "Soma, binti."

Karatasi zake zilikuwa laini, baridi kidogo. Nilitamani kujua kilichoandikwa, basi nikasema kweli: "Sijui, bwana. Sisi hatukai humu. Tunalima shamba la mwalimu."

Mwalimu akacheka. "Utani wa manamba huo, bwana mkubwa!" Mkaguzi naye akacheka, wakatoka kwenda kunywa chai.

Kesho yake mwalimu akamwita mama. "Mtoto wako mjeuri. Kamfundishe kukata mkonge."

"Mchape, mwalimu, lakini mwache asome."

"Nimeshasema."

Mama akanisukuma bega. "Haya, muage mwalimu wako." Nikampa mgongo, nikatoka.

Nilikutana naye sokoni miaka na miaka, mpaka akawa anatembea kwa mkongojo. Alikuwa akinitazama, akingoja. Shikamoo yangu hakuipata, mpaka wakamzika.