Nukta Saba Zinazopanda

Vita viliponitoa chuo kikuu, mwaka wa pili wa hesabu, nilipata kazi ya kupima sabuni katika kiwanda kimoja cha Bujumbura. Mkurugenzi wetu alikuwa amerudi kutoka mafunzo ya wiki mbili Ulaya na karatasi ya mirabaraba. Aliitundika ukutani ofisini kama picha ya harusi.

Kila nusu saa nilichukua vipande vitano kutoka mashine ya kukatia, nikavipima uzito, nikatafuta wastani wake, nikaweka nukta moja kwenye ile karatasi. Katikati palikuwa na mstari mweusi wa uzito unaotakiwa; juu na chini, mistari miekundu ya mipaka. Nukta zikitawanyika ovyo kati ya mipaka, mashine ni nzima. Zikianza kufuatana kuelekea upande mmoja, kuna jambo.

Mkurugenzi alijua nusu tu ya somo hilo: mstari mwekundu usivukwe. Nusu ya pili nadhani ilifundishwa yeye akiwa dukani, ananunua viatu.

Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, mawese ya kutengenezea sabuni yakawa shida kupatikana. Asubuhi moja nukta zilianza kupanda. Ilipofika ya saba, nilisimamisha mashine.

"We mademoiselle, zote ziko mu mistari," mkurugenzi alisema. "Unasimamisha mashine ya nini?"

"Saba zimepanda mfululizo, patron. Sabuni inazidi kuwa nzito. Kuna kitu kimebadilika."

"Nzito ni muzuri. Washa."

Niliwasha. Fundi wa mashine, mzee Mwislamu aliyekuwa pale tangu kiwanda kifunguliwe, alinisogelea.

"Mwanangu, ni nati ya kile kizuio kinachopima urefu wa kipande. Imelegea, vipande vinarefuka. Mi niliomba nusu saa tu ya kuikaza, wakasema apana."

Basi nukta zikabaki juu, chini kidogo tu ya mstari mwekundu, na kila kipande kikatoka na nyama ya ziada. Mawese yaliisha kabla mwezi haujaisha, na makatoni yalikuwa machache kuliko yaliyotarajiwa. Kwanza mkurugenzi alisingizia vita. Vita viliua majirani zangu wa mtaa wa Cibitoke, havikulegeza nati. Kisha akaamua kwamba tunaiba. Akaweka askari langoni. Wanawake walifunguliwa vitenge, na mzee fundi akavuliwa kofia na viatu mbele yetu sote.

"Alhamdulillah," alisema akivaa tena kofia yake. "Wamekuta kichwa tu."

Kisha akainama kuokota viatu vyake, nikashindwa kucheka.

Kesho yake, mashine ilipozimwa watu wakale, mzee aliikaza ile nati bila kumwomba mtu ruhusa. Mchana uleule nukta zikashuka hadi mstari mweusi.

Wiki iliyofuata walikuja wageni waliovaa tai kukagua kiwanda. Nilikuwa ofisini naweka nukta, mkurugenzi alipoweka kidole pale zilipokuwa zimeshukia. "Hapa ndipo nilipokomesha wizi," aliwaambia. Wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

"Apana, patron," nilisema. "Hapo ndipo fundi alipokaza nati."

Mgeni mmoja akauliza, "Nati gani?" Nikampeleka mpaka kwenye mashine, nikamwonyesha.

Asubuhi yake nilihamishiwa kufunga makatoni. Mzee hakuombwa radhi, wala hakungoja kuombwa. Aliyechukua kalamu yangu aliagizwa aweke nukta zake karibu na mstari mweusi, na hata mizani hakupewa.