Siku Ploti Iliponyamaza

Nimekulia ndani ya kelele na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa hilo. Mlangoni mwa ploti yetu pale Laini Saba, Kibera, kuna fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo watoto hubeba wakienda shule za bweni. Huanza kugonga chai ikiwa bado jikoni, na huacha giza likimshinda. Nyuma yetu kuna kanisa lenye spika kubwa kuliko madhabahu. Ukuta wa chumba chetu nao ni bati, kwa hiyo jirani akipiga chafya, mama humwambia pole bila kuinua macho kutoka kwa omena, dagaa wa kuuza, anazochambua.

Basi chuo kimoja cha Amerika kiliponitaka nieleze mahali nilikotoka, sikuandika njaa, ingawa kila mtu alinishauri niandike njaa. "Andika vile mlilala njaa, siz. Wazungu hupenda stori ya kulia," kijana wa saiba, pale tunapolipia mtandao, aliniambia, na nikamuuliza kama yeye alikuwepo tukilala. Niliandika nyundo. Nilieleza jinsi nilivyosoma hesabu miaka yote nikifuata mapigo ya yule fundi, hata akinyamaza ghafla napoteza mstari niliokuwa nimeufikia. Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa alama nzuri, na hakukuwa na mtu wa kunisomesha zaidi ya hapo. Nilitaka kutoka katika chumba kile kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na mlango ulikuwa huo mmoja. Wangenichukua kwa udhamini kamili au ningebaki.

Walinijibu kwamba mama mmoja aliyesoma katika chuo hicho zamani angezungumza nami kwa video, Jumamosi jioni. Nilimwambia mama peke yake. Mama naye akamwambia mwenye ploti peke yake, na kumwambia mwenye ploti ni sawa na kutangaza redioni. Ni nyanya wa Kinubi, amezaliwa Kibera kama mama yake, na hakuna mpangaji anayeweza kuficha hata kikohozi mbele yake.

"Intaviu?" alisema, ameshika kiuno. "Na hii makelele yote? Hapana. Wacha niongee na hawa watu."

Kwetu redio huzimwa kwa jambo moja tu, nalo ni msiba. Ikitokea, nyanya hupita mlango kwa mlango akisema wenzetu wana majonzi, na watu hushusha sauti hata kama walikuwa katikati ya ugomvi. Safari hii alipita akisema, "Mtoto wetu anaongea na Amerika." Alimfikia fundi, akamfikia hata mchungaji.

Jumamosi hiyo mama alivuta pazia kuficha kitanda, kisha akakaa nyuma yake ili asionekane. Mimi niliegemeza simu kwenye sufuria, nikavaa blauzi ya kanisani juu na leso chini. Halafu ploti ikanyamaza. Sijui niseme vipi. Nilisikia maji yakidondoka kwenye mtungi wa jirani, na mahali fulani mtoto akianza kulia na kuzibwa mdomo. Kupitia ufa wa mlango nilimwona fundi ameketi juu ya sanduku ambalo halijakamilika, nyundo katikati ya magoti, anatazama chini kama mtu aliye kanisani. Niliogopa. Nilihisi kwamba hewa yote ya ploti ilikuwa imeshikiliwa kwa ajili yangu, na nikikosea neno moja watakuwa wameishikilia bure.

Yule mama wa Amerika alikuwa mpole. Nyuma yake kulikuwa na dirisha pana, na nje ya dirisha mti. Tulizungumza juu ya masomo, nikajibu vizuri, hata nikamchekesha mara moja. Kisha akasema alipenda sana niliyoandika kuhusu nyundo.

"Nimekuwa nikitega sikio niisikie," akasema. "Lakini kwenu kumetulia ajabu."

Alitabasamu. Nalijua tabasamu lile. Ni la mteja aliyeonja maziwa akahisi yametiwa maji, lakini ana adabu ya kutosema.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo mno. Ningefungua tu mlango, nitoe kichwa, nimwambie fundi, "Gonga!" Au ningemweleza yule mama ukweli kwamba watu wote hawa wamenyamaza kwa sababu yangu, na huenda angelipenda hilo kuliko insha yenyewe. Lakini Kiingereza nilichokuwa nimekariri hakikuwa na sentensi ya jambo hilo. Nyuma ya pazia mama alikuwa hata hapumui.

"Leo wamepumzika," nikasema.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Tukaagana.

Nilipofungua mlango ploti ililipuka. Vigelegele, sufuria zikigongwa, spika za kanisa zikafunguliwa zote. Nyanya alinikumbatia akasema, "Hawa wameshakuona uso. Mtu akikuona uso atakukataa aje?" Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yao, na mimi nilikuwa peke yangu niliyejua ina kasoro. Mama, ambaye maisha yake yote hunikanya nisikate mbeleko mtoto hajazaliwa, siku hiyo aliikata mwenyewe, akamwambia kila mteja wa omena kwamba naondoka. Nilianza kuitwa Mmarekani. Nikienda choo, "Mmarekani, unaenda lini?" Nikichota maji, "Unaenda lini?" Fundi naye akaniletea sanduku, la bluu, lina kufuli, amelipaka rangi mara mbili.

"Lako hilo, dada," alisema. "Sitaki kitu. Ukifika huko waambie ni mimi niliitengeneza."

Lilikuwa zuri, na nililichukia. Chumba chetu hakina nafasi ya sanduku. Likakaa kati ya kitanda na jiko, tukawa tunalia chakula juu yake, na kila nilipoamka goti langu lilikutana nalo. Hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Utamgombeza vipi mtu kwa kukunyamazia? Ningefungua mdomo ingekuwa asante ya punda.

Jibu lilipokuja halikuwa ndiyo wala hapana. Waliniweka kwenye orodha ya kungoja. Nilifikiri nyanya hataelewa, lakini alielewa haraka kuliko mimi. "Ah, kama zile nyumba za serikali za Soweto East," akasema. "Jina iko. Unangoja uitwe." Hakusema kwamba wapo waliongoja hadi wakahesabiwa pamoja na waliokufa. Na watu hawakuacha kuuliza. Sasa waliuliza kwa upole, ambao ni mbaya zaidi.

Nikakimbilia Kawangware. Mama mdogo, ndugu yake mama, alikuwa amejifungua, akahitaji mtu wa kumsaidia kuuza chapati. Huko hakuna aliyejua lolote. Nilikuwa msichana wa chapati tu, na kwa wiki kadhaa nilifurahia kuitwa "wewe wa chapo". Lakini hata huko nililala nyuma ya pazia, ukuta ulikuwa bati ileile, na simu nilikuwa naifungua mikono ikiwa na unga. Kutoka Kawangware hadi Laini Saba watu hutembea kwa miguu kila siku kwenda vibarua. Mimi nilipafanya pawe mbali.

Hapana yao ilikuja asubuhi moja, nikisukuma chapati. Ilikuwa fupi, ya heshima, yenye kunitakia mema. Niliisoma mara mbili, nikaendelea kusukuma, nikaunguza tatu. Mama mdogo aliitazama simu, kisha akanitazama mimi. Akanivua aproni. "Nenda umwambie mama yako kwa mdomo," akasema. "Mambo kama haya hayaambiwi kwa simu."

Nilitembea. Njiani nilipanga kila kitu. Ningefika fundi akiwa anagonga na spika zikipiga kelele, niinamie beseni la omena, nimnong'oneze mama sikioni, na katika kelele ile hakuna mwingine angesikia. Wengine wangejua polepole, siku baada ya siku, bila mimi kuwepo kwenye nyuso zao. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa naitegemea ile nyundo inifiche.

Niliisikia kabla sijaifikia ploti, nikapata nguvu. Nikiwa hatua chache tu, simu ikalia. Alikuwa mama mdogo, anauliza kama nimefika. Nikaiweka sikioni.

Fundi aliniona. Aliiona simu. Uso wake ukafunguka, akainua mkono juu, akasimamisha nyundo.

"Shhh!" akapaza sauti ndani ya ploti. "Nyamazeni! Mmarekani yuko kwa simu!"

Redio moja ikazimwa, kisha nyingine. Nyanya akatoka mlangoni, akawapungia mkono vijana wa kwaya, na spika zikakatika katikati ya wimbo. Watoto wakashikwa midomo. Mama alisimama, mikono yake imejaa magamba ya omena, macho yananiuliza. Nikakata simu. Nilitafuta sauti ya kunong'ona, lakini katika ukimya ule hakuna kunong'ona.

"Mama, wamekataa."

Walisikia wote, hata wale wa chumba cha mwisho kabisa. Mama alikaa chini pale pale, kando ya beseni. Fundi bado alikuwa ameinua mkono. Nikamgeukia, nikamwambia neno ambalo nilipaswa kulisema ile Jumamosi.

"Gonga, fundi. Tafadhali, gonga."

Hakugonga. Aliiweka nyundo chini taratibu, isitoe sauti, na ploti nzima ikaendelea kunyamaza, ikidhani inanisaidia.