Programu ya Mama Aliye Hai

Mtu wa kwanza niliyempelekea picha za mama yangu alinipa pole.

"Pole sana kwa msiba, madam," alisema, akiziinamia pale kwenye kaunta ya duka lake la uchapaji mjini Embu. "Mnazika Ijumaa ama Jumamosi?"

Nikamwambia mama yu hai, yuko kwake Manyatta, na asubuhi hiyo hiyo amenigombeza kwenye simu kwa kuchelewesha dawa zake za macho. Nilichotaka ni kitabu cha picha: kikubwa, jalada gumu, karatasi nzito, cha kukaa juu ya meza ya sebuleni mgeni akifunue huku akinywa chai. Kurasa nilikuwa nimezipanga mwenyewe kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuchapisha tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, maana amezoea wafiwa, na wafiwa husema mengi.

Nieleze jambo moja ili hasira zangu zieleweke. Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima. La kulia nalo, daktari alituambia bila kuzungukazunguka, linaelekea huko huko, dawa zinalichelewesha tu. Mama alisikiliza, akafunga mkoba wake, na tulipotoka nje akasema, "Nataka kuwaona watu wangu kabla halijazima." Hakutaka safari wala maombi maalumu. Alitaka picha zilizojaa kwenye sanduku la bati nililoendea shule ya bweni, nyingine zimegandana kwa unyevu, zitolewe, zipangwe, azitazame mpaka atosheke. Kwa hiyo sikuwa natafuta pambo la meza. Nilikuwa nashindana na jicho.

Niliporudi kuchukua sampuli, nusura nilie pale pale dukani. Uso wa mama ulikuwa katikati ya mawingu. Juu yake msalaba, kando njiwa weupe, pembeni maua ya waridi. Chini kumeandikwa "Tukisherehekea Maisha ya Mpendwa Wetu", halafu "Jua Lilichomoza" na mwaka wake wa kuzaliwa, halafu "Jua Lilitua" na nukta nukta.

"Hii ndio design watu hupenda, madam."

"Lakini mwenyewe yuko hai!"

"Si ndio maana nimewacha hapo wazi."

Huo ni uchuro, nikamwambia, na sauti ilinipanda hadi watu wa duka la pili wakachungulia. Ingawa, nikisema haki, simlaumu peke yake. Kwetu huku kwenye miteremko ya mlima, mtu wa kawaida hachapishwi kwa rangi mpaka afe. Hapo ndipo picha zinatafutwa mbio mbio usiku wa matanga, watoto wanagombania ipi ikae juu, na kila mwombolezaji anarudi nyumbani na programu ya mazishi ya kuweka kabatini. Kompyuta ya yule bwana haikuwa na umbo lingine la mwanadamu mwenye mvi.

Kazi ikanipeleka semina Meru, nikaona nipitie Nchiru, kwenye vibanda vya uchapaji vinavyozunguka chuo kikuu. Kule, nikajiambia, kuna wasomi. Fundi aliipokea flashi yangu bila pole yoyote, nikashukuru. Kisha akaniuliza kama msimamizi wangu amesaini.

"Amesaini nini?"

"Project, auntie. Hatubaindi kama haijasainiwa."

Nikamweleza kwamba si tasnifu ya chuo, ni picha za mama; tulielewana, au nilidhani tumeelewana. Nilichokabidhiwa ni jalada jeusi tititi lenye herufi za dhahabu, mimi ndiye mwandishi na mama ndiye mada. Ndani, karatasi nyepesi ya ofisini, picha ya upande wa pili inajitokeza. Na upande wa kushoto wa kila ukurasa ameacha nafasi pana, eti ndiyo sheria ya chuo, kwa hiyo shangazi zangu wote wamekatwa bega. Nikamuuliza shangazi zangu wamejiandikisha chuo gani. Hakucheka.

Nikaona watu wa karibu watanipandisha presha hata mimi, nikageukia Nairobi, kwa kampuni ya mtandaoni. Huko ukiingia unaulizwa: harusi, mtoto, au fungate? Hakuna bibi kizee. Nilichagua harusi. Binti aliyenipigia simu akanitakia ndoa yenye baraka, nami nikaitikia amina, nimechoka kubishana. Lakini sampuli ilipofika kwa basi, nililainika. Karatasi nzito kama kadi, inang'aa kama sakafu ya benki. Picha ndogo ndogo zimepangika vizuri, sita kwa ukurasa, kama nilivyotaka. Basi, nikasema, tumemaliza.

Nikaipeleka Manyatta nikiwa na kiburi changu chote. Mama alikuwa ameketi kibarazani, na hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Mchagua jembe si mkulima," alisema. "Miezi yote hii unachagua karatasi? Lete zote tatu."

Sikutaka kumwonyesha ile ya msalaba, lakini nilikuwa nimelalamika mno kwenye simu, alijua ziko ngapi. Akaanza na ya Nairobi. Akaileta karibu na jicho la kulia, akaiinamisha, akaigeuza, akairudisha.

"Naona mwanga," alisema. "Watu wako wapi?"

Nikamwambia aishike hivi, aishike vile. Kila alipoigeuza, jua liliruka juu ya karatasi na kumpiga usoni. Nilikuwa nimezitazama kurasa zile kwa macho yangu tu, macho mazima. Ile ya Nchiru aliipapasa akaiweka kando. "Hii ni ya kufungia sukari."

Kisha akachukua ya Embu. Nikaanza kujitetea, kwamba ni ujinga wa yule mtu, kwamba nilishamkaripia.

"Huyu amekufa?" aliniuliza, kidole kikiwa kwenye jalada.

"Hapana, mami. Ni wewe."

"Amependeza," akasema, akafunua.

Karatasi ile haikung'aa hata kidogo. Na yule bwana, kwa mazoea yake ya kutaka hata bibi kizee aliyeketi nyuma kabisa mazishini aone, alikuwa amezivunja kurasa zangu zote na kuweka picha moja moja, kubwa, wino umekolea. Mama akaisogeza karatasi mpaka ikakaribia kugusa pua.

"Baba yako," alisema. "Amekosea vifungo. Ona, shati limepanda upande mmoja. Nilimwambia tukiwa tunaingia studio, akakataa, akasema tunachelewesha mpiga picha."

Nikainama. Ni kweli, shati lilikuwa limepanda. Mzee wetu tumemzika zamani, na picha hiyo nilikuwa nimeisafisha kwenye kompyuta jioni nyingi bila kuona kitu.

"Kesho naenda Embu," nikasema. "Nitamwambia aondoe msalaba na hao njiwa."

"Aondoe, asiondoe, lakini achapishe haraka." Hakuinua uso. Akafunua ukurasa mwingine, taratibu, akauleta tena karibu. "Na wewe utoke hapo mbele. Unanizibia mwanga."