Gentrix na Kicheko cha Umar

Gentrix alikuwa mtu wa kinyaa tangu alipoanza kutambaa. Mama yake, Edah, aliyeuza mboga sokoni Lubao, alipenda kuwasimulia wateja jinsi mtoto huyo alivyokataa uji kwa sababu nzi alipita juu ya kikombe. Hakutua, jamani, alipita tu. Shuleni alikunywa maji kwa kiganja chake mwenyewe, kikombe cha darasa hakukigusa hata siku moja. Akisalimiwa kwa mkono alitabasamu vizuri, kisha mkono ukaenda nyuma ya sketi kujipangusa kwenye leso. Ndugu zake walimcheka: utaolewa na nani, na kila mwanamume ana jasho? "Basi siolewi," akawajibu, na mwaka ule wa 1999, akiwa na miaka ishirini na saba, neno lake lilikuwa bado limesimama.

Mtu wa namna hiyo, sasa, ndiye aliyekwenda kuangukia kazi kwa Nehemiah!

Nehemiah alikuwa na ofisi ghorofani mjini Kakamega, juu ya duka la mbolea. Mlangoni alitundika ubao: USO KWA USO, ONANA NA NDUGU YAKO WA NG'AMBO. Gentrix alikuwa amesomea uchapaji, vidole vyake vilikimbia kama vya mtu anayetoa maharagwe kwenye maganda, na kazi yake ilikuwa kuandika maneno ya mteja kwenye kompyuta na kumsomea majibu yanayorudi. Kazi yenyewe aliipenda. Bosi ndiye aliyemtia kichefuchefu. Mwanamume mzima anakula kuku kwa mkono wa kulia na kubofya kompyuta kwa mkono uleule! Vitufe viling'aa mafuta. Akishiba alichokonoa meno kwa kijiti cha kiberiti, akakiangalia kilichotoka, akakirudisha mdomoni. Kila asubuhi Gentrix alilowesha pamba kwa spiriti akafuta kitufe kimoja kimoja, pumzi ameibana.

Mitambo yao ilikuwa hivi. Juu ya kompyuta kulikaa kamera ndogo ya mviringo, kijivu, saizi ya chungwa. Kompyuta ilipiga simu hadi Nairobi, na Nairobi wakaitupa ng'ambo. Sauti haikupita, ila maandishi na picha. Na picha hizo usidhani zilikwenda kama za sinema. Gentrix alikuwa amekisoma kile kijitabu cha kamera jalada hadi jalada, akajua kwamba jicho la mtu huhitaji picha ishirini na tano kwa sekunde moja ndipo lione mtu anatembea. Wao walipata picha moja, wakahesabu mpaka saba au nane, ndipo ikaja nyingine. Mtu wa kule akiinua kikombe cha chai, walimwona nacho mezani, halafu nacho mdomoni, na safari ya katikati hakuna aliyeiona.

"Bosi, tupunguze saizi ya picha," Gentrix alimwambia zaidi ya mara moja. "Tuitoe hii ya nukta mia tatu na ishirini kwa mia mbili na arobaini, tuweke ile ndogo ya nusu yake. Na rangi tuitoe. Laini itabeba kidogo kidogo, mtu ataonekana akisonga."

"Nani atatoka Mumias aje aone mtoto wake mdogo kama kiberiti, tena kijivu kama maiti?" Nehemiah akamjibu, na nyama mdomoni. "Watu wanatakanga rangi, Gentrix. Wanatakanga ukubwa. Wewe piga taipu."

Basi akapiga taipu.

Jumamosi moja kabla ya Ramadhani walikuja wazee wawili kutoka Matungu, mtu na mkewe. Mume aliitwa Mzee Swaleh, mkulima wa miwa, mrefu, mpole, kanzu yake imepigwa pasi. Mke alikuwa Mama Hadijah, mfupi, na mdomo wake hauna breki. Kijana wao wa mwisho, Umar, alikuwa akisoma Kanada, mwaka wa tatu sasa, na huko chuoni kulikuwa na chumba chenye kompyuta na kamera kama ile. Jumamosi hiyo laini ilikataa mara nne. Gentrix kwa kuchoka akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Wewe!" Mama Hadijah akamkemea. "Toa mikono kichwani! Mama yako yuko hai?"

"Yuko, mama."

"Sasa unamlilia nini? Wanangu wote nimewakataza hiyo kitu. Umar alikuwanga na hiyo tabia, nilimchapa mpaka akaacha. Nimewaambia, mikono mtaweka kichwani siku nitakapokufa. Si mbele ya hapo."

Gentrix akaishusha mikono haraka, na Mzee Swaleh akacheka chini chini. Hata kwao Lubao walikemewa hivyo hivyo.

Jaribio la tano, laini ikashika, na siku hiyo ikashika vizuri ajabu. Umar akatokea, shati jekundu, kioo kizima. Mama Hadijah akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Mwandikie amekonda kama mua wa kiangazi. Mwulize huko Kanada watu wanakula theluji?" Gentrix akaandika. Baada ya muda Umar akaonekana amerusha kichwa nyuma, meno yote nje, na picha iliyofuata mkono uko juu, anawapungia. Mama Hadijah akapiga vigelegele mpaka watu wa duka la mbolea wakatoka nje kutazama juu. Wazee waliondoka wameshikana mikono ngazini, jambo ambalo si la kawaida kwa watu wa umri wao.

Gentrix hakujua kwamba Nehemiah alikuwa amezihifadhi zile picha. Alikuja kujua baadaye, laini zilipoharibika na wateja wakaanza kudai warudishiwe pesa zao. Mchana mmoja mama mmoja wa Bukura alikuja kumwona dada yake, laini ikafa, na Nehemiah akajipenyeza kando ya Gentrix, akabofya mahali, na dada akatokea anatabasamu. Gauni lilikuwa la mwezi uliopita. Mama wa watu akalia kwa furaha. Gentrix akamtazama bosi wake, na bosi akamkonyeza.

Uchafu! Gentrix alikimbia msalani akanawa mikono mara tatu, utadhani ameshika kitu kilichooza. Jioni akamwambia Nehemiah kwamba huo ni uongo mtupu. "Uongo gani?" akasema yule bwana. "Si ni dada yake? Nimemletea mtu mwingine? Amefurahi, ameenda nyumbani, mbona wewe uumie?" Kazi za taipu Kakamega zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na Edah miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Gentrix akanyamaza, na wiki iliyofuata ikatokea tena, akanyamaza tena, na kila akinyamaza alihisi ladha mbaya nyuma ya ulimi ambayo maji hayakuiondoa.

Ikapita miezi mitatu. Jumamosi moja, saa kumi kamili, Mzee Swaleh alipanda ngazi peke yake.

"Asalaam aleikum."

"Waleikum salaam, mzee. Mama Hadijah umemwacha wapi leo?"

Mzee akavua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Mama yenu alituacha Jumanne. Ni kifua. Tulimzika siku hiyo hiyo, vile dini inasema."

Gentrix akavuta kiti kwa ajili yake.

"Huyu kijana hajui," mzee akaendelea. "Nimekataza mtu yeyote kumpigia simu. Mambo ya mama si ya kuambiwa na mtu wa mbali, nikasema nitamwambia mwenyewe, namwona, ananiona. Nikiona amelegea nimshike. Kwa maneno, lakini nimshike. Ile barua pepe niliyokuagiza kwa simu umtumie, kwamba tuonane leo, alijibu?"

"Alijibu. Anangoja saa hii."

Laini ikashika, lakini ilikuwa mgonjwa. Maandishi yalipita kwa shida, picha haikupita kabisa, kioo kikabaki cheusi. Mzee akamtazama Gentrix, akasema polepole, na Gentrix akaandika polepole: *Umar mwanangu, ni baba. Kaa chini. Mama yako alifariki Jumanne. Tumemzika. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun.* Akayatuma.

Wakangoja. Kioo cheusi. Mzee ameng'ang'ania ukingo wa meza. Ndipo mkono wenye mafuta ukapita mbele ya Gentrix, ukabofya, na kabla hajauzuia, Umar akajaa kioo kizima kwa rangi zake zote.

Shati jekundu. Kichwa kimerushwa nyuma. Meno yote nje.

Kisha picha ikabadilika, na Umar akawa anapunga mkono.

Mzee Swaleh hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitazama kile kicheko mpaka kikarudi mara ya pili, akavaa kofia yake, akasimama. "Amecheka," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nimemwambia mama yake amekufa, na amecheka. Kanada wamemfanya nini huyu?"

"Mzee, si unajua mshtuko, vijana wakishtuka..." Nehemiah akaanza.

"Binti, andika." Mzee akaelekeza kidole kwenye vitufe. "Andika: Kama kifo cha mama yako ni kicheko, nihesabu mimi pia nimekufa. Usikanyage boma langu tena. Mimi sina mtoto anaitwa Umar. Andika hivyo, halafu funga hiyo mashine."

Vidole vya Gentrix vilikuwa juu ya vitufe. Nyuma yake alisikia pumzi ya Nehemiah, vitunguu na kuku, na mnong'ono: "Andika, mteja amesema. Andika aende." Hapo kile kinyaa cha miaka ishirini na saba kikampanda chote kwa pamoja, na ajabu ni kwamba hakikuwa cha Nehemiah. Nehemiah alikuwa nguruwe tangu zamani, hilo lilijulikana. Kilikuwa cha vidole vyake yeye, visafi, vyenye harufu ya spiriti, vilivyokuwa vimekaa tayari kuandika.

"Siandiki," akasema.

"Unasema nini?"

"Mzee, hiyo picha ni ya uongo. Ni ya siku ile Mama Hadijah alikuwa hapa. Tazama shati. Hapo Umar anacheka kwa sababu mama yake amemwambia amekonda kama mua wa kiangazi. Huyu aliihifadhi. Laini ikikufa, anawawekeanga watu picha za zamani. Na mimi nilijua, mzee. Nilijua na nilinyamaza."

"Umefutwa!" Nehemiah akafoka. "Toka kwa kiti! Toka!" Akamshika bega. Gentrix akautazama ule mkono kwa jicho ambalo lilimfanya auondoe mwenyewe.

Mzee Swaleh alikuwa amesimama tu, katikati ya chumba. "Sasa mimi nimwamini nani?" akasema. "Mmenionyesha ya uongo. Ukiniletea nyingine, nitajuaje si ya uongo pia?"

Gentrix akageukia kompyuta. Akaifunga ile picha ya kicheko. Akafungua mipangilio ya picha, ambayo kwa mwaka mzima alikatazwa kuigusa, akapunguza saizi, akatoa rangi, akaiomba upya picha ya kule. Katikati ya kioo kikubwa kikabaki kijidirisha cha saizi ya kiberiti, cheusi. Akaandika: *Umar, baba yako anakungoja. Picha yako inakuja. Usiondoke.*

Maandishi yakatangulia. Gentrix akayasoma kwa sauti: "*Baba. Nimesoma. Baba sema si kweli. Baba uko hapo?*"

Mzee akasogea hatua moja.

Kile kijidirisha kikatetemeka, kikapauka, na ndani yake akatokea mtu wa kijivu, amekaa, koti zito, mdomo wazi kidogo. Ikaja picha nyingine mara moja, amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. Nyingine, ameegemea ukuta. Hazikwenda kama sinema, lakini zilikwenda. Mtu alionekana akisonga. Mkono wa kushoto ukapanda mpaka begani. Wa kulia ukafuata. Halafu yote miwili ikakaa juu ya kichwa, vidole vimefumana, na haikushuka tena.

Mzee Swaleh alikuwa ameinama mpaka pua inagusa kioo, pale pale mkewe alipokuwa ameweka yake.

"Ni yeye," akasema. "Ameweka. Wallahi ni yeye, ameweka mikono. Hii hakuna mtu alikuwa nayo ya zamani." Na hapo ndipo mzee yule aliyemzika mkewe Jumanne bila chozi mbele za watu akalia, machozi na makamasi pamoja, akijifuta kwa kiganja. Kwa kiganja hicho hicho akautafuta mkono wa Gentrix mezani, akaushika, akaukaza.

"Mwandikie ninamwona," akasema. "Mwandikie baba yake yuko hapa, anamwona."

Nyuma yao Nehemiah alikuwa akipiga kelele kuhusu funguo na mlango. Gentrix akaandika kwa mkono mmoja, herufi moja moja. Ule mwingine ulikuwa umelowa mpaka kifundoni, na leso ilikuwa pale pale nyuma ya sketi, lakini aliuacha.