Swichi ya Bafuni

Nyumbani kwetu Mambrui bomba la bafuni lilikuwa linauma: ukilishika, mkono unashtuka. Ndivyo tulivyosema, na hakuna aliyeshangaa. Dawa yake ilikuwa mitalawanda, vile viatu vya mbao vilivyokaa mlangoni mwa bafu. Ukivivaa, hupati kitu. Lakini kwenye udhu miguu haioshwi ndani ya viatu, na mama hakosi sala hata moja.

Marehemu baba alianguka hapo hapo, akitawadha. Moyo wake ulikuwa ukimsumbua, basi tukasema ni moyo, tukamzika siku ile ile.

Mwaka huu kisanduku cha swichi kilipoliwa na chumvi ya bahari, nilileta fundi akibadilishe. Nilitaka swichi inayokata umeme ukivuja. Mama akakataa katakata. Zamani tulikuwa nayo moja, ya nyumba nzima. Ilikata tukiwa arusini Gongoni, friji ikazimika, sindano za sukari za baba zikaharibika zote. Mama akamwita mtu airuke kwa waya, umeme upite pembeni, isikate tena.

"Kidude hicho kilitaka kumuua baba yako," akaniambia. "Mimi sikitaki."

Nilikasirika, nikampandishia sauti mamangu mzazi. Fundi ndiye aliyetupatanisha: kila laini iwe na swichi yake, ya bafuni ikikata, friji isiguswe. Mama akakubali shingo upande.

Fundi akafunga kisanduku kipya, akapeleka na waya mpya ardhini, kisha akawasha. Friji ikaunguruma. Swichi ya bafuni ikaanguka, ikakata umeme. Akaipandisha, ikaanguka tena.

"Si niliwaambia?" mama akasema. "Mbovu hiyo."

"Si mbovu, mama. Hita ya maji inavujisha umeme, unaingia bombani. Swichi inaukata."

Mama akaitazama mitalawanda pale mlangoni.

"Tangu lini, mwanangu?" akamuuliza fundi.

Fundi alikuwa ameiona hita ile ilivyooza kwa kutu ya miaka. Akafungua kinywa, nami nikamuwahi.

"Juzi juzi tu, mama. Ni hizi mvua."

"Alhamdulillahi," akasema, bila kunitazama.

Hita tuliitoa siku ile ile. Bomba haliumi tena, nimelishika mimi mwenyewe kwa mikono iliyolowa, miguu mitupu, mama akiniona. Lakini mpaka leo yeye huchota maji kwa ndoo, akaenda kutawadhia uani.